Dakika Nne za Kimya

Mtu akilipwa miaka kumi na saba kusoma tabia za watu, hufika mahali akaacha kuwatazama. Ndivyo ilivyokuwa kwa Daktari.

Katika jengo la upelelezi, ghorofa ya tatu, alikuwa na chumba chenye dirisha moja, meza mbili, na kiti cha mgeni ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko wenzake. Kazi yake ilikuwa hii: wapelelezi wakipata maiti wasimpate muuaji, walimletea picha, vipimo na maelezo ya mashahidi, naye aliwaambia wamtafute mtu wa namna gani. Wa umri gani, mwenye hasira za ghafla au mwenye subira, anayeishi na watu au peke yake. Nusu ya pili ya wiki alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Aliingia magerezani na kinasa sauti, akakaa uso kwa uso na waliohukumiwa, akawauliza walianzaje. Wapelelezi walimwita Mama Ramli. Walianza kwa utani, na kila alipopatia utani ukageuka heshima. Alipokosea hawakumwita chochote.

Aliwahi kuolewa. Mume alivumilia miaka minne, kisha akasema kuishi naye ni kama kukaa kizimbani kila jioni, akafungasha. Daktari hakubisha. Alikuwa ameiona safari hiyo miezi sita kabla ya mwenye safari.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, na uchovu wake haukuwa ule unaoisha kwa likizo. Likizo ya mwisho aliitumia kukaa kwenye ukingo wa kitanda akitazama viatu.

Kila Ijumaa saa nne asubuhi Karani alikuja. Karani aliandika maneno ya mashahidi mahakamani miaka ishirini kabla ya kuacha, na jina la kazi likamganda. Sasa alichapa mazungumzo ya Daktari na wafungwa, neno kwa neno, nyumbani kwake, kwa sababu alikula kiapo cha siri na hakuna mwingine aliyekubali kukila. Mjane, anayeishi na mama yake. Miaka sita sasa alikuwa akileta bahasha iliyofungwa, akipokea nyingine, kanda moja ikimchukua wiki kadhaa. Yeye husema, "Kazi nzuri?" Daktari hujibu, "Nzuri." Basi, imekwisha, mpaka Ijumaa nyingine.

Ijumaa hii mlango ulipobishwa, aliyeingia hakuwa Karani. Alikuwa mama wa miaka sabini na ushei, kilemba kimefungwa kwa haraka, bahasha ameibana kwapani kama kitu kinachoweza kuuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Daktari?"

"Ni mimi. Karibu ukae."

Mama alikitazama kile kiti, akakisukuma kidogo kwa mkono, kikayumba, akaamua kusimama. Akasema mwanawe ndiye mchapaji, na leo amemwambia atulie, bahasha ataipeleka yeye. Ndani mlikuwa na barua pia. Mwanawe alikuwa anaacha kazi.

Daktari akauliza kama kuna jambo limetokea. Mama akamweleza bila kupamba. Mwezi uliopita waya wa zile spika za masikioni ulichomoka kwenye kompyuta wakati Karani ameenda msalani, na sauti ya mwanamume ikajaa sebule nzima. Sauti tulivu, ya mtu mstaarabu. Ilikuwa inaeleza jinsi alivyosimama nyuma ya ukuta akingoja mwanamke fulani amalize kuanika nguo. Alihesabu hata vibanio.

"Tangu siku hiyo sianiki nguo peke yangu," mama akasema. "Na umri wangu huu."

"Pole sana, mama. Ile sauti haikupaswa kukufikia."

"Ilipaswa kumfikia mwanangu?"

Mama akamtazama sana, kuanzia nywele hadi viatu, kama anayenunua kitu asichokihitaji.

"Wanasema unasoma watu."

"Ni kazi yangu."

"Mwanangu umemsomaje?"

Daktari akafungua kinywa. Akatafuta. Huyu mtu alikuwa ameingia chumbani humu Ijumaa zaidi ya mia tatu, na alichokipata kichwani ni mkono ulioshika bahasha. Hakuweza kuapa kama ana masharubu.

"Ni mtu mwaminifu," akasema.

"Hata saa ya ukutani ni mwaminifu." Mama akaiweka bahasha mezani. "Mwanangu anakupenda, mama. Mwaka wa tatu huu. Hajaniambia, nimemzaa, siambiwi. Alhamisi jioni ananyoa ndevu, Ijumaa asubuhi ananyoa tena. Nami nimekuja kukwambia sitaki. Sina ugomvi na wewe. Lakini mwanamke anayeshinda na wauaji, akirudi nyumbani anarudi nao. Barua ina sahihi yake. Imebaki yako."

Akatoka, akaufunga mlango polepole, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Daktari alikuwa ametukanwa na watu wenye vifungo vya maisha, akatoka akaenda kula. Maneno haya ya kistaarabu yalimkalisha pale pale hadi chai yake ikapoa. Alipoifungua bahasha, barua ilikuwa na mistari mitatu: anaacha, anashukuru, anaomba asiulizwe sababu. Chini yake zilikuwa kurasa za kanda ya hamsini na saba.

Kwa kawaida alisoma na kalamu ya njano, akipaka majibu ya mfungwa, akiruka maneno yake mwenyewe. Aliyajua, ya nini kuyasoma? Leo alisoma mistari yake peke yake. Ndipo alipoyaona mabano.

*[D anavuta pumzi.]* *[D anaanza swali, analiacha.]* *[D anacheka, si kicheko.]*

Akafungua kabati, akatoa mafaili ya zamani, akayapanga sakafuni. Miaka mitatu ya kwanza mabano yalihusu milango, vikohozi na filimbi za askari jela. Kuanzia mwaka wa nne yalianza kumhusu yeye. Ukurasa baada ya ukurasa, mtu alikuwa amekaa mahali fulani akisikiliza pumzi zake na kuziandika, bila kuongeza wala kupunguza. Akarudi kwenye kanda mpya, na katikati yake akakuta bano moja limekaa peke yake kwenye mstari:

*[Kimya. Dakika nne na sekunde kumi.]*

Alijua kimya hicho kilitoka wapi. Hakuwa amemwambia mtu.

Jioni alimpigia dada yake, mkubwa wake kwa miaka tisa, aliyemlea. Alitaka kusikia sauti tu, lakini habari ya Karani ikamponyoka. Dada akauliza kama ana nyumba. Akauliza kama ana watoto. Kisha akasema kwamba hakumsomesha mtu mpaka udaktari ili aje aolewe na mpiga chapa, tena mjane, tena mwenye mama mkali. Daktari akamwambia hakuna aliyezungumzia kuolewa. Dada akasema, "Basi mbona unalia?" Daktari akashika shavu, akakuta ni kweli.

Jumamosi saa tatu asubuhi aliufuata mtaa ulioandikwa kwenye barua. Ulikuwa mtaa wa nyumba fupi zilizobanana, mageti ya bati, redio moja ikisikika kwa majirani wote. Geti lilikuwa wazi nusu. Uani mama alikuwa anaanika nguo, na pembeni yake, ameshika beseni kwa mikono miwili kama mhudumu wa harusi, alisimama Karani. Hakuwa na kazi nyingine pale. Alikuwa amesimama tu, ili mama yake asiwe peke yake.

Kwa mara ya kwanza Daktari alimtazama. Alikuwa na masharubu, membamba, yenye mvi upande wa kushoto kuliko wa kulia. Mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kukaa sana. Juu ya masikio nywele zilikuwa zimelala kwa alama ya zile spika, miaka sita ya alama, na alama hiyo ndiyo iliyomchoma moyo. Ilikuwa ni yeye aliyemwekea.

Karani akageuka. Beseni likainama, maji yakamwagikia miguuni mwake asiyahisi. Macho yao yakakutana, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuyaondoa.

"Mwanangu, unalowa," mama akasema. Kisha akamwona mgeni. Akavuta pumzi ndefu, akaitikia shikamoo yake, akasema, kwa kuwa adabu ni adabu, "Pita ndani."

Sebule ilikuwa na sofa kuukuu lenye vitambaa vya kufuma, na pembeni ile meza ya kompyuta, imefunikwa shuka kama maiti. Mama aliingia jikoni na kuuacha mlango wazi, kwa makusudi, wala hakujaribu kulificha kusudi lake.

Daktari alikuwa amejiandaa kuomba radhi. Kilichotoka ni kingine.

"Miaka mitatu umekuwa ukiniandika."

"Ndiyo."

"Pumzi zangu. Kwenye nyaraka za utafiti. Siku moja watu watazisoma."

"Maelekezo uliyatoa wewe, Daktari. Ulisema andika kila kinachosikika."

"Nilimaanisha wao!"

Kule jikoni kijiko kilianguka. Daktari akashusha sauti. Akasema hakuna mtu aliyemruhusu kumchungulia. Kwamba alikuwa akitoka kule kila mara akijidhania amejifunika vizuri, kumbe kuna mtu amekaa nyumbani kwake anahesabu nyufa. Akasema anajisikia kama amevuliwa nguo na mtu ambaye hata hakumgusa.

Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea.

"Una haki," akasema. "Ningeweza kuacha zamani. Nilijiambia nasubiri kanda ziishe."

"Sasa ni nini kilichobadilika? Zimebaki saba."

"Ya hamsini na saba."

Karani akakaa kwenye ncha ya kiti, viganja vimekutana katikati ya magoti.

"Kimya kikizidi dakika moja, mchapaji anaruhusiwa kuruka mbele. Sikuruka. Sikujua yote unayopitia, nilijua tu hupaswi kuwa peke yako. Kwa hiyo nilikaa. Nilikaa na wewe dakika zote nne."

Daktari akainamisha kichwa. Miezi miwili sasa alikuwa amelibeba jambo hili kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni, akitembea polepole yasimwagike. Kulikuwa na mwanamke fundi cherehani aliyepotea. Wapelelezi walimjia, naye akawachorea mtu wa kumtafuta: mgeni wa mtaa ule, asiye na familia, anayeishi peke yake. Wakapekua nyumba za wageni wiki tatu. Muuaji alikuwa shemeji wa huyo fundi, baba wa watoto watatu, aliyekuwa akiongoza majirani katika kumtafuta. Hayo wote waliyajua. Ambalo hawakulijua ni lile shemeji alilomwambia Daktari gerezani, kwenye kanda ya hamsini na saba, kwa sauti ya mtu anayesimulia bei za sokoni.

"Alikuwa hai siku tisa," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake.

"Nilisikia."

"Siku tisa. Amefungiwa nyumba ya nne kutoka kwake. Mimi nilikuwa nawapeleka upande mwingine wa mji."

"Nilisikia."

"Nimeliandika kwenye ripoti. Ukurasa wa themanini. Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka mtu mmoja aniulize."

Karani hakumwambia si kosa lake. Wala hakumwambia ni kosa lake. Alisogeza kiti, akakaa karibu kiasi kwamba magoti yao yaligusana, akaacha alie. Na Daktari alilia kilio kibaya, cha kamasi na kwikwi, cha mtu aliyesahau namna ya kulia vizuri. Jikoni kulikuwa kimya kabisa.

Alipomaliza alijifuta kwa upande wa mtandio, akatoa barua kutoka kwenye mkoba, na kalamu. Akasaini juu ya goti.

"Sikuja kukurudisha kazini," akasema. "Nimekuja kukufungulia. Mama yako amesema kweli. Ile sauti haikupaswa kukufikia hata wewe."

"Siachi kwa sababu yao," Karani akasema. "Wao naweza kuwasikia. Mahakamani nilisikia mabaya zaidi. Siwezi kusikia wewe unavyokwisha, halafu Ijumaa nije nikuulize kazi nzuri, uniambie nzuri."

Maneno yalimwingia polepole, kama maji ya moto kwenye mikono yenye baridi. Alitaka kumjibu kitu cha uzuri ule ule na hakukipata.

"Sina cha kukupa, Bwana Karani. Nakwambia ukweli. Nimebaki ganda."

"Sijaomba kitu. Hata posa sijaleta. Aliyekuja kwako ni mama, tena kukukataa."

Daktari akacheka. Kilikuwa kicheko, safari hii, na wote wawili walilijua hilo.

Wakazungumza kwa utulivu baada ya hapo. Daktari akamwambia kanda zilizobaki atazimaliza. Kuna maswali hayajajibiwa, na sasa ana swali lake mwenyewe, la muuaji anayetafuta pamoja na wanaotafuta, ambalo hakuna kitabu kilichomwandalia. Karani akasema hajamwomba aache. Alichoomba ni kwamba kila atakapotoka gerezani asiende moja kwa moja kwenye ile nyumba yake tupu. Apitie hapa. Asiseme lolote kama hataki. Akae tu.

"Mama yako hataki."

"Mama hataki mambo mengi. Hata marehemu mke wangu hakumtaka. Alipofariki, mama alimlilia kuliko mimi."

Kisha akainuka, akasema nguo zimebaki kwenye beseni, anamalizia anarudi. Mlangoni akageuka na kumtazama, mtazamo mrefu usiodai chochote. Daktari akaegemea sofa. Akasikia vibanio vikigonga kamba, kimoja, kingine. Akafikiri afumbe macho kidogo tu, kwa adabu, mpaka mwenyeji arudi.

Alipoyafumbua, mwanga ulikuwa umehamia ukuta wa pili. Viatu vyake vilikuwa vimevuliwa na kupangwa sawasawa chini. Alikuwa amefunikwa kitenge kizito kinachonukia sabuni, na kichwa chake kilikuwa juu ya mto ambao hakuja nao. Karani alikuwa sakafuni, mgongo ameegemeza sofa, amesinzia na kitabu kifuani. Mama alikuwa kwenye kiti mkabala, anashona kifungo.

"Saa ngapi, mama?"

"Saa kumi kasoro. Umelala kama mtoto aliyepigwa."

Daktari akashtuka, akainuka, kitenge kikaanguka. Akaanza kuomba radhi: kuingia nyumba ya watu, kulia, kusaini, kulala. Mama akamwashiria kwa sindano atulie. Akasema alikuwa jikoni na amesikia yote. Mlango aliuacha wazi ili asikie, hatadanganya. Alidhani mgeni amekuja kumnyang'anya mtoto, akamsikia anamrudisha. Alikuwa amemngoja mwanamke mwenye macho makavu. Akaishia kumvua viatu.

"Chakula chako kiko mezani, nimekifunika," akaongeza. "Na simu yako ililia mara tatu. Ya nne nikaipokea. Samahani, ingekuamsha."

Daktari akaitafuta simu kwenye mkoba. Kweli, mkuu wake wa upelelezi.

"Alitaka nini?"

"Alikutaka wewe, sasa hivi, kuna jambo. Nikamwambia amelala, ana haki ya kulala, mpigie Jumatatu. Akauliza mimi ni nani. Yule bwana ana maswali, kama polisi."

"Ni polisi, mama."

"Ndiyo maana." Mama akakata uzi kwa meno, akaukagua ule mshono. "Nikaona nikisema ni jirani ataendelea kuuliza, nikisema ni mpishi hataniheshimu. Nikamwambia mimi ni mama mkwe wake. Akanyamaza, akasema shikamoo, akakata simu."

Sakafuni Karani alikuwa ameshafumbua macho. Daktari akashusha mkono polepole, akaulaza juu ya bega lake, akauacha hapo.

"Jumatatu ofisini wataniuliza," akasema.

"Utawajibu," mama akasema. "Kula kwanza."